Mombasa ya Milton, Mvita ya Muyaka

Mombasa imo ndani ya Paradise Lost. Malindi pia imo, na Kilwa, na Sofala. Utazikuta katika kitabu cha 11 cha shairi hilo refu la John Milton, pale ambapo malaika Mikaeli anampandisha Adamu juu ya kilima kirefu kuliko vyote vya Edeni, na Milton anaanza kutaja falme ambazo jicho lingeweza kuzifikia kutoka huko juu: China, Samarkand, Agra, Moscow, Uhabeshi. Akimaliza Uhabeshi anateremka na pwani yetu. Tahajia ni ya kikale, Mombaza na Melind, lakini ni kule kule tunakokwenda Krismasi.

Nilifika kwenye mistari hiyo nikiwa ndani ya matatu, tumekwama Githurai, dereva amezima injini. Nikarudia mara tatu. Nikatamani kumwonyesha jirani yangu, lakini alikuwa amelala mdomo wazi, nikamwacha.

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa shilingi 150 kwa wale wauza vitabu wa barabarani jijini Nairobi, wale wa inama, maana lazima uiname ndipo uchague. Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Karo ilikuwa kubwa, hamu ilikuwa ndogo, na kozi yenyewe haikuwa na uhusiano wowote na fasihi. Tangu hapo ninaandika kwa kujitegemea: maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni, hotuba za harusi, wasifu wa watu wanaotafuta kazi ambazo mimi singeitwa hata kwa mahojiano. Pesa ikiingia naigawa mara tatu: kodi ya nyumba, nauli, kitabu. Nauli ni ya kunipeleka mji ambao sijauona. Kitabu ni cha Kiingereza cha zamani kwa sababu moja isiyo na fahari yoyote, kwamba ndivyo vya bei ya chini. Riwaya za upelelezi zinapiganiwa. Milton, Swift na Defoe wanalala juu ya gunia wakipigwa jua, na ukitoa 150 bila kubishana muuzaji anakuita mkubwa.

Mathe huniuliza, "Sasa hivyo vitabu vina mtihani?" Havina. Ndiyo raha yake.

Nilianzia nyumbani, Thika. Kila mtu aliyesoma Kiingereza kidogo akisikia nimetoka Thika hunitajia The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959. Basi nikakisoma karibu na maporomoko ya Chania, pale Blue Posts, hoteli iliyofunguliwa 1908. Kimeandikwa vizuri, sitaki kudanganya mtu. Wakikuyu wamo, wanafanya kazi, wanacheka, wanaenda kwa mganga. Lakini Thika ya kitabu hicho inaanza siku familia yake inapokuja kutoka Nairobi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kabla ya mkokoteni hakuna mji wala historia, kuna mandhari tu. Tangu siku hiyo, kila nikisoma kitabu kinachotaja mahali ninapoweza kufika kwa gari la abiria, najiuliza mwandishi aliingia kwa mlango gani.

Milton hakuingia kwa mlango wowote. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Safari yake ndefu ilikuwa ya Italia, 1638 na 1639. Kufikia 1652 alikuwa kipofu kabisa, kwa hivyo Mombasa ile aliitamka kwa mdomo, mtu mwingine akaiandika. Habari zetu alizitoa vitabuni. Mwaka 1625 kasisi Mwingereza, Samuel Purchas, alichapisha mkusanyo wa simulizi za mabaharia, majuzuu manne mazito, na tunajua Milton aliusoma kwa sababu aliutumia alipoandika historia yake fupi ya Urusi. Kulikuwa pia na utenzi wa Mreno Luís de Camões kuhusu safari ya Vasco da Gama, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1655. Purchas naye alikuwa mtu wa kukaa nyumbani. Yaani kipofu wa London anasomewa kazi ya kasisi asiyesafiri, aliyenakili habari za mabaharia waliotia nanga siku chache na kuondoka. Kwa njia hiyo ndiyo tuliingia Edeni.

(Kwa wenzangu tunaolipwa kwa maneno: mkataba wa Aprili 1667 ulimpa Milton pauni 5, na pauni 5 nyingine nakala 1,300 zikishauzwa. Siongezi neno.)

Mambo mawili katika mistari ile yalinikaa. La kwanza ni uvumi anaouongeza kuhusu Sofala, kwamba watu waliidhani ndiyo Ofiri, nchi ambako mfalme Suleimani alipata dhahabu yake. Uvumi huo uweke akilini, tutakutana nao tena. La pili ni kwamba watawala wa miji yetu anawaita wafalme wadogo wa pwani. Wadogo! Neno hilo lilinikera kuliko nilivyotarajia, mimi mtu wa bara ambaye Mmombasa yeyote ana haki ya kunicheka nikijitia mwenyeji. Nikapanda basi la usiku.

Fort Jesus kila mtoto wa shule ameiona katika picha. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa michoro ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na ukizigusa saa saba mchana utaondoa mkono haraka. Wageni hupiga picha mizinga kisha wakaenda kunywa madafu. Mimi nilikuwa nimefuata mfalme mmoja.

Jina lake Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, alikosana na Wareno, akakimbilia upande wa Rabai, akauawa huko 1614 kwa njama zao. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa Goa, kule kule kilikokwenda kichwa cha babake. Akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa Jerónimo, akaoa mke Mkristo, akapigana katika meli za Wareno, na 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao, mtu wao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu, na kwa siku chache utawala wa Wareno mjini ukawa umekwisha. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa kuirudisha ngome kilishindwa. Ni Yusuf mwenyewe aliyeondoka kwa meli 1632, akaishia kuwasumbua Wareno baharini, ndipo wakarudi na kuikuta tupu.

Sasa mweke Milton kando yake. Wote wawili walikuwa vijana wa ishirini na kitu, kama mimi. Mwezi ule Yusuf anaiteka ngome, Milton alikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa Cambridge. Inasemekana yapata 1626, mwaka ule ule Yusuf alirudishwa kwao, Milton aligombana na mwalimu wake na akatumwa nyumbani kwa muda. Habari hiyo ilinifurahisha sana, sababu mnaijua. Miaka 36 baadaye mmoja wao anachapisha shairi ambalo ndani yake mwenzake ni sehemu ya orodha, mfalme mdogo asiye na jina katika mji ulioandikwa kwa z. Simlaumu Milton kwa kutojua. Alikuwa anapanga dunia nzima ndani ya mistari michache, na anayepanga dunia nzima huona kila mji mdogo. Ila nilipokuwa nimesimama pale juu ya ukuta, naangalia meli za makontena zikiingia Kilindini, nilihisi kwamba ile Edeni yake ina watu wengi nje ya uzio.

Ngome ilichukuliwa na Waomani Desemba 1698, baada ya mzingiro ulioanza Machi 1696. Milton alikuwa kaburini miaka 24.

Malindi ilinichukua nusu siku. Nguzo ya Vasco da Gama iko kwenye rasi, nyeupe, fupi kuliko unavyotegemea, msalaba juu yake. Sultani wa Malindi alimpokea da Gama vizuri Aprili 1498 na kumpatia rubani wa kumvusha hadi India, kwa sababu hakuelewana na Mombasa na alihitaji rafiki mwenye mizinga. Hapo ndipo Malindi ilipata sifa njema katika vitabu vya Ulaya, na Mombasa ikapata mbaya. Siasa za majirani wawili zikageuka tabia za miji. Kingine nilichokiona Malindi ni vijana wa ufuoni wanaozungumza Kiitaliano kizuri kuliko Kiingereza changu. Milton, ambaye alitunga soneti kwa Kiitaliano, hangekosa wa kupiga naye stori.

Rabai iko juu ya vilima nyuma ya Mombasa, unapitia Mazeras. Ni mji mdogo, minazi, shule, kanisa, na jumba la makumbusho la Johann Ludwig Krapf. Yeye na Johannes Rebmann walianza kituo chao cha misheni hapo 1846. Kutoka Rabai Rebmann alikwenda akauona Kilimanjaro na theluji yake 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya 1849. Wakaandika Ulaya. Mtaalamu wa ramani wa London, William Desborough Cooley, ambaye naye hakuwahi kukanyaga bara hili, akawabishia miaka na miaka: theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kumbe ndugu zake Purchas walikuwa bado wako. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na watu waliosimama mahali na kuangalia, na bado mtu wa kitini akadhani anajua zaidi.

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson aliondoka Mombasa akapita Rabai na kwenda hadi nchi ya Wamaasai. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka 1885. Humo anasimulia jinsi alivyowashangaza watu kwa kutoa meno yake ya bandia na kuyarudisha. Mwaka huo huo Rider Haggard akatoa King Solomon's Mines, na ndani yake Kapteni Good anawashangaza wenyeji kwa meno ya bandia. Hayo ni madogo. Kubwa ni jina la kitabu. Machimbo ya mfalme Suleimani! Ule uvumi wa Sofala na Ofiri, uliokuwa neno la kupita katika shairi la Milton, sasa umekuwa riwaya nzima, na riwaya hiyo iliuzwa kama maandazi.

Haggard angalau alikuwa ameishi Afrika, Natal na Transvaal. Huku kwetu hakuwa amefika. Lakini riwaya yake iliyofuata kuhusu shujaa yule yule, Allan Quatermain ya 1887, safari yake inaanzia Lamu. Hicho ndicho nilichobeba nilipokwenda Lamu.

Ukitoka Mombasa kwa basi ni Malindi, halafu nchi inakuwa tambarare na tupu, unavuka Tana pale Garsen, Witu, vizuizi vya polisi, kushuka uonyeshe kitambulisho, kupanda tena, mpaka Mokowe, kisha mashua. Mashujaa wa Haggard wanapanda mto Tana kwa mitumbwi. Nilikuwa nasoma sura hizo tulipokuwa tunalikaribia daraja, na abiria mwenzangu, mama aliyekuwa na kuku wawili kwenye kikapu, akaniuliza, "Mwanangu, chasemaje hicho kitabu?" Nikamwambia kinasema juu ya Tana. Akacheka. "Na chasema kuhusu mafuriko?"

Hakisemi. Msimulizi wa Haggard akikumbuka Lamu, kinachomjia kwanza ni uchafu na harufu. Halafu anaondoka, na mbele huko, ng'ambo ya Mlima Kenya, anakuta kile alichokuja kukitafuta: taifa la watu weupe, lenye malkia wawili na majumba ya mawe. Nyumba za mawe za Lamu, zenye milango ya nakshi na zidaka za chokaa ukutani, alizipita akiwa ameziba pua. Mwaka huo huo wa 1887 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kampuni ya Waingereza isimamie ukanda wa pwani. Sisemi riwaya ilileta ukoloni, ningekuwa mjinga. Nasema tu kwamba kijana wa London aliyepewa kazi huku miaka michache baadaye alikuwa ameshasoma kwamba mawe yaliyojengwa hayatoki kwa Waafrika, na kwamba nyuma ya mlima kuna nchi inayowangoja weupe.

Na kuhusu harufu: Mwana Kupona, aliyefariki Lamu, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Sehemu nzima ya utendi huo ni ya kumhimiza aoge, ajitie manukato, avae asumini. Umri wa kama miaka 30 kabla ya Allan Quatermain. Mtu angemwonyesha Haggard.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike makala hii badala ya kubaki na picha kwenye simu.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mkutano ulifanyikia Mombasa. Wamishenari wengi wa huko walikuwa wamejenga kazi zao juu ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa kuwa ndicho cha washairi wakubwa. Mkutano ukachagua Kiunguja. Fikiria hiyo: watu wanakuja mjini kwako, wanakaa, wanakunywa chai, wanaamua kwamba usemi wa mji wako si kipimo. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kamusi iliyotoka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake. Na watoto wa shule wakisoma nini kwa Kiswahili hicho kipya? Johnson alikuwa na jibu, na alilitafsiri mwenyewe au kwa kushirikiana na wenzake: Mashimo ya Mfalme Suleimani, 1929. Akamtafsiri na Allan Quatermain. Akamtafsiri na Gulliver.

Kwa hivyo uvumi ulitoka pwani yetu kwa kinywa cha mabaharia, ukaingia kwa Purchas, ukapumzika kwa Milton, ukanenepa kwa Haggard, na ukarudi nyumbani umevaa kanzu, ukiwa kitabu cha Kiswahili cha darasani. Babu yangu alikisoma. Hadi alipofariki aliweza kusimulia jinsi Gagula alivyobanwa na mlango wa jiwe. Alikipenda, na mimi nampenda kwa kukipenda. Ila yeye, aliyefanya kazi reli miaka mingi Mombasa, hakuwahi kunitajia Muyaka.

Barabara kuu ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu. Mara ya kwanza nilidhani kibao kimekosewa. Nikamwendea mzee aliyekaa barazani, shikamoo, marahaba, nikamuuliza kama si Njia Kuu. Akanitazama kwa huruma. "Ndia ni ndia, mwanangu. Nyinyi ndio mwasema njia." Ndia, nti, mato, kitwa: njia, nchi, macho, kichwa. Kimvita kilishindwa mkutanoni lakini jina la barabara halikuhudhuria mkutano.

Muyaka bin Haji aliishi mitaa hiyo, yapata 1776 hadi 1840. Ni rika la Wordsworth, ambaye pia nimemsoma barabarani. Alitunga juu ya mapenzi, njaa, madeni, vita vya Mazrui na Busaidi, majibizano na washairi wa Lamu, umbea wa mjini. Wachambuzi humpa sifa ya kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Mwaka 1824, Kapteni Owen wa Uingereza alipotia nanga na bendera ikapandishwa Mombasa kwa ombi la Wamazrui, Muyaka alikuwa hai, mtu mzima, na alikuwa na maoni. Hakuwa anautazama mji kutoka juu ya kilima. Alikuwa anadaiwa ndani yake.

Baada ya kifo chake mashairi yalibaki vinywani. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, aliyakusanya kwa watu na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmishenari William Taylor. Yakachapwa hatimaye 1940, Johannesburg, kwa uhariri wa William Hichens. Mohamed Abdulaziz akayarudia kwa uchambuzi wake mwaka 1979, hapa Nairobi.

Nimemtafuta Muyaka kwa watu wa inama tangu mwezi wa pili. Muuzaji wangu ananijua sasa. "Buda, huyo mzee wako hajaletwa," ananiambia kabla sijasalimia, na kunisogezea Milton mwingine, jalada gumu, 200. Miswada ya Taylor imehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. Kitabu cha Abdulaziz nilikipata katika maktaba moja ya mjini, hakiruhusiwi kutoka, kwa hivyo naenda Jumanne na Alhamisi na daftari, nanakili kwa mkono. Nimefika ukurasa wa 60. Maneno nisiyoyajua nayapigia mstari, nampelekea mzee wa Ndia Kuu kwa WhatsApp, naye hunijibu kwa sauti, taratibu, kuku wakilia nyuma yake.